Kutoka Beit al-Ajaib hadi Nkome: Nani mlinzi wa historia ya Taifa?

Na Mwandishi Wetu, Nkome

SIKU ya Ijumaa, Desemba 25, 2020, wakati Watanzania wengi wakiwa katika mapumziko ya sikukuu ya Krismasi, sehemu ya jengo maarufu la Beit al-Ajaib lililopo Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa wakilikarabati. Wengine waliokolewa kutoka katika kifusi wakiwa majeruhi.

Taarifa za tukio hilo zilienea duniani kote kwa muda mfupi. Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miezi miwili tangu aapishwe, alifika eneo la tukio, na uchunguzi ukaahidiwa.

Jambo moja kuhusu ajali hiyo lingali linastahili kutafakariwa hadi leo. Beit al-Ajaib haikuanguka ikiwa imetelekezwa. Ilianguka ikiwa imezungukwa na majukwaa ya mafundi, ikiwa na fedha za ukarabati kutoka Serikali ya Oman, ikiwa ndani ya mji ulioorodheshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) kuwa Urithi wa Dunia, na ikiwa mali ya Serikali yenyewe.

Kama jengo lenye walinzi wengi kiasi hicho liliweza kuporomoka mchana kweupe, swali linalofuata ni hili: ni nani anayelinda alama za kihistoria ambazo hazina mfadhili, hazimo katika orodha yoyote, na ambazo ofisi ya Serikali iliyo karibu nazo ni ya mtendaji wa kijiji?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Kata ya Nkome, mwambao wa Ziwa Victoria wilayani Geita, na katika ukanda wote wa dhahabu unaoanzia hapo kuelekea Shinyanga. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Forodhani, lakini tatizo ni lile lile, tofauti ikiwa kwamba huku kitu kikiporomoka hakuna anayepiga picha.

Jengo lililonusurika mizinga

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said ili iwe kasri la shughuli rasmi. Wenyeji waliiita hivyo kwa sababu ya mambo mageni iliyokuja nayo: taa za umeme, lifti, na baraza pana zilizobebwa na nguzo za chuma kuzunguka pande zake.

Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zilipoushambulia mji katika vita iliyodumu kwa muda usiofika saa moja, kasri jirani la Beit al-Hukm liliharibiwa vibaya, na mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukapata madhara makubwa. Beit al-Ajaib ilibaki imesimama. Baada ya hapo iliongezewa mnara wa saa, ambao ndio uliokuja kuwa sura ya Zanzibar katika kadi za posta na vitabu vya watalii.

Baadaye jengo hilo likawa ofisi za utawala wa Kiingereza, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likaendelea kutumiwa kwa shughuli za Serikali na za chama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likageuzwa makumbusho ya historia na utamaduni, ambamo wageni waliweza kuona, pamoja na vitu vingine, mfano wa mtepe, chombo cha kale cha baharini kilichoshonwa kwa kamba bila misumari.

Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Kwa maneno mengine, jengo lilitoa onyo miaka minane kabla ya vifo. Onyo hilo halikuhitaji mtaalamu wa kulitafsiri, maana lilikuwa kifusi kilicholala barabarani.

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Miaka minane ilipita kati ya onyo na maafa, na katika muda huo yalikuwapo mazungumzo, mikataba, makadirio na hatimaye mafundi. Wakati hayo yakiendelea, mvua za masika na vuli hazikusubiri, na hewa ya chumvi haikusubiri. Chuma kilichokuwa ajabu ya mwaka 1883 ndicho hicho hicho kinachohitaji uangalizi wa karibu zaidi kinapokaa zaidi ya karne moja pembeni ya bahari.

Mwenye mali ndiye mkaguzi

Tatizo la kwanza ambalo ajali hiyo iliweka wazi ni la kimfumo. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi na uendelezaji, iliyoanzishwa mwaka 1985. Makumbusho na mambo ya kale yana idara yake. Jengo lina wizara yake. Ukarabati ulikuwa na mfadhili wake, mkandarasi wake na mshauri wake. Juu ya wote hao ipo Kamati ya Urithi wa Dunia, ambayo hupokea ripoti kutoka kwa nchi wanachama.

Katika utaratibu wa kawaida, wingi wa macho ungepaswa kuwa usalama. Lakini uzoefu wa utumishi wa umma unaonyesha kuwa jukumu likigawanywa kwa watu wengi bila mmoja wao kuwa wa mwisho, kila mmoja huamini kuwa mwenzake ameangalia.

Kubwa zaidi ni kwamba Serikali inapokuwa mmiliki wa jengo, mtoaji wa kibali cha ukarabati, mteja wa mkandarasi na msimamizi wa sheria ya uhifadhi kwa wakati mmoja, inakuwa vigumu kupata mtu wa kusimama mbele yake na kusema kazi hii isimame. Mwananchi anayebomoa ukuta wa nyumba yake Mji Mkongwe bila kibali anaweza kusimamishwa na mamlaka. Serikali ikichelewa kuuziba ufa katika kasri lake, ni nani wa kuisimamisha?

Ikumbukwe pia kuwa mambo ya kale si suala la Muungano. Zanzibar ina sheria na taasisi zake, na Tanzania Bara ina zake. Hata hivyo, mbele ya UNESCO nchi mwanachama ni moja tu, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyoridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977. Anayejibu Paris, kwa hiyo, si lazima awe ndiye mwenye funguo za jengo Forodhani.

Kwa upande wa Bara hali inafanana, ingawa kwa namna tofauti. Hadi kufikia mwaka 2020, Wizara ya Maliasili na Utalii ilikuwa imekabidhi vituo kadhaa vya malikale kwa taasisi nyingine zilizo chini yake. Magofu ya Kilwa yalikwenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), ya Kaole, Bagamoyo, kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na Mapango ya Amboni kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro.

Hoja ya uamuzi huo ilieleweka: taasisi hizo zina mapato, magari na askari, wakati Idara ya Mambo ya Kale kwa muda mrefu imekuwa na wataalamu wachache na bajeti ndogo. Lakini taasisi iliyoundwa kulinda tembo au kupanda miti huhitaji muda na wataalamu wapya kabla ya kujua namna ya kushughulikia ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji na fundi mwenye nia njema, unyevu hunaswa ndani yake na kuumaliza taratibu.

Mstari wa mwaka 1863

Tatizo la pili limo ndani ya sheria yenyewe, na ndilo linaloigusa Geita moja kwa moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msingi wa ulinzi wa malikale Tanzania Bara, inalinda bila kuhitaji tangazo lolote majengo na miundo iliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kilichojengwa baada ya hapo hakina ulinzi huo wa moja kwa moja, isipokuwa Waziri mwenye dhamana akitangaze.

Sheria ilipotungwa, mwaka 1863 ulikuwa umbali wa takriban karne moja. Kila kilichotimiza umri wa miaka 100 kilihesabiwa kuwa cha kale. Lakini mstari huo umebaki pale pale wakati miaka ikisonga mbele, kiasi kwamba jengo lililotimiza miaka 150 leo linaweza kuwa bado ni changa machoni pa sheria.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 enzi za Sultani Majid, lipo nje ya mstari huo. Kageye, wilayani Magu, mahali ambapo Henry Morton Stanley alipiga kambi mwaka 1875 kabla ya kulizunguka Ziwa Victoria kwa mashua, na ambapo mmoja wa wenzake alizikwa, nako ni nje ya mstari. Hata Beit al-Ajaib yenyewe, kama ingekuwa Bara, isingelindwa kwa umri wake pekee.

Maboma yote ya Wajerumani, shule na hospitali za kwanza za wamisionari, reli, magati na migodi ya enzi ya ukoloni, vyote vinategemea kalamu ya Waziri. Na kalamu hiyo haiwezi kuandika jina la kitu ambacho hakuna aliyempelekea taarifa zake.

Historia iliyo chini ya maduara

Mkoa wa Geita ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa wengi, jina Geita linaanza na dhahabu na kuishia hapo. Lakini kabla ya dhahabu kulikuwa na chuma.

Katika nchi ya Uzinza, inayojumuisha mwambao huu wa Nkome, waliishi mafundi waliojulikana kama Warongo, ambao walifua chuma kutokana na mawe ya eneo hilo kwa kutumia matanuri ya udongo, makaa na mivukuto. Majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka hadi Usukuma. Kwa jamii za wakulima, jembe hilo lilikuwa mtaji, na katika baadhi ya maeneo lilikuwa sehemu ya mahari.

Alama zilizoachwa na kazi hiyo hazifanani na magofu ya Kilwa. Ni mabonge meusi ya mavi ya chuma yaliyotapakaa shambani, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha hewa, na duara la udongo ulioungua. Mpita njia hawezi kuvitambua. Mkulima huviona kama mawe yanayoharibu jembe. Mchimbaji mdogo hupita juu yake akifuata mwamba.

Ni kweli kwamba baadhi ya alama hizo zinaweza kuwa za kabla ya mwaka 1863 na hivyo kulindwa na sheria. Lakini umri wa tanuri hausomeki kwa macho. Unahitaji mtaalamu, sampuli na maabara. Mtendaji wa kijiji hana kati ya hivyo hata kimoja, na sheria inayomtaka atoe taarifa haijampa njia ya kujua ni kitu gani anachopaswa kukitolea taarifa.

Baada ya chuma ikaja dhahabu. Wajerumani waliibaini Geita mwishoni mwa karne ya 19. Uchimbaji mkubwa wa kibiashara ulianza miaka ya 1930 chini ya utawala wa Waingereza na kuendelea hadi mwaka 1966 mgodi ulipofungwa. Kwa miaka hiyo mgodi wa Geita ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu Afrika Mashariki. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940 mjiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui na kuanzisha mgodi uliompa jina duniani.

Hiyo ni historia ya vibarua, ya kodi ya kichwa iliyowasukuma vijana kutafuta ujira, na ya miji iliyozaliwa kutokana na mashimo. Ni historia ya babu wa watu walio hai. Na yote ni ya baada ya mwaka 1863.

Mwaka 2000 mgodi wa kisasa wa Geita ulianza uzalishaji katika milima ile ile iliyochimbwa na wakoloni. Mgodi wa shimo la wazi, kwa asili yake, huondoa ardhi yote iliyo juu ya madini pamoja na chochote kilichomo. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka kwa miradi mikubwa, ni fursa ya kuandika kilichopo kabla hakijaondolewa. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 nayo inasisitiza kuangalia athari za miradi kwa urithi wa utamaduni.

Lakini maduara ya wachimbaji wadogo, ambayo ni mengi na huhama kila dhahabu inapotajwa mahali, hayapitii tathmini ya kina namna hiyo. Na haitakuwa haki kuwatwisha wao lawama. Mtu anayeshuka futi nyingi chini ya ardhi kutafuta ada ya shule ya mtoto hawezi kutarajiwa kuwa mlinzi wa makumbusho ambayo Serikali yake haijayaandikisha.

Mfano wa kisiwa

Mbele ya Nkome, ng'ambo ya maji, kipo Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Katika miaka ya 1960 wahifadhi walipeleka huko sokwe waliokuwa wamefugwa Ulaya, na hadi leo kizazi chao kinaishi msituni kikilindwa na askari wenye silaha, boti na redio za mawasiliano.

Hakuna sababu ya kuwaonea wivu sokwe hao. Kinachofaa kuonwa ni kwamba Serikali ilipoamua kuwa kitu fulani ni cha thamani, ilikitungia mipaka, ikakiandika katika Gazeti la Serikali, ikaajiri watu na kuwatengea fungu. Yote hayo yamewezekana katika ziwa hili hili. Uwezo, basi, upo. Kilichokosekana kwa upande wa historia ya binadamu ni hatua ya kwanza kabisa, ya kuandika orodha.

Ipo pia mifano ya uhifadhi ambao haukuisubiri Serikali. Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Canada, kwa kushirikiana na wenyeji, na kwa miongo kadhaa yamehifadhi ngoma, viti vya watemi na kumbukumbu ambazo zingekwisha kupotea. Hata hivyo, Bujora inathibitisha jambo lingine: uhifadhi unaomtegemea mtu mmoja mwenye moyo huanza kuyumba mtu huyo anapoondoka, kama hakuna mfumo wa kuupokea.

Wengine walifanyaje?

Machi 16, 2010, moto uliteketeza jengo kuu la Makaburi ya Kasubi jijini Kampala, walipozikwa makabaka wa Buganda. Mwaka huo huo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya miaka 10, kutokana na masharti ya mila, ugumu wa kupata mafundi wanaojua ezeko la asili, na mvutano wa nani hasa mwenye kauli kati ya Serikali na Ufalme. Mwaka 2023 ndipo Kasubi ilipotolewa katika orodha hiyo.

Aprili 15, 2019, kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris nalo liliungua. Ufaransa ilitunga sheria maalumu, ikaunda chombo kimoja cha kusimamia ujenzi, ikamweka kiongozi mmoja wa kujibu, na Desemba 2024 kanisa likafunguliwa tena.

Ni rahisi kusema kuwa tofauti ni fedha. Fedha zilikuwapo nyingi, na Tanzania haiwezi kujilinganisha na Ufaransa. Lakini mkazi yeyote wa Paris alijua ni nani wa kuulizwa. Katika suala la Beit al-Ajaib, kati ya mwaka 2012 na 2020, mwananchi wa kawaida wa Zanzibar angemtaja nani?

Tanzania nayo ina mfano wake mzuri. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014, baada ya kazi ya kuimarisha kuta, kudhibiti mmomonyoko wa fukwe na kuwashirikisha wanakijiji. Kilichofanyika Kilwa si muujiza. Palikuwa na mpango, palikuwa na ratiba, na palikuwa na watu wa nje waliouliza kila mwaka kazi imefikia wapi.

Maji kwanza au mawe kwanza?

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba kata inayohitaji maji safi, zahanati na barabara ya lami haina nafasi ya kujadili mabonge ya chuma cha kale. Diwani atakayepeleka hoja hiyo katika kikao cha bajeti anaweza kuchekwa.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau mambo mawili. Kwanza, hatua zinazohitajika mwanzoni hazina gharama kubwa. Orodha haijengwi kwa saruji. Pili, zahanati iliyochelewa mwaka huu inaweza kujengwa mwaka ujao, lakini tanuri lililosagwa leo halitarudi hata bajeti ikiongezeka mara 10.

Tena, kama vifo vya Forodhani vilivyoonyesha, jengo la kale lisiloangaliwa ni suala la usalama wa watu. Watumishi wangapi wa umma nchini wanafanya kazi katika maboma ya Wajerumani ambayo paa zake hazijakaguliwa? Ukuta unapoanguka hauchagui mpenda historia.

Nini kifanyike?

La kwanza ni kuurekebisha mstari wa mwaka 1863. Badala ya mwaka uliogandishwa, sheria inaweza kutaja umri, kwa mfano miaka 100, ili ulinzi usogee kadiri wakati unavyosogea. Hilo ni jukumu la Bunge, na halihitaji mfadhili kutoka nje.

La pili ni orodha ya kila halmashauri. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inazipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya Wilaya ya Geita inaweza kuviagiza vijiji vyake, Nkome ikiwamo, kubainisha kupitia mikutano mikuu maeneo ya kale yanayojulikana na wazee: makaburi, matanuri, maeneo ya tambiko, nyumba za kwanza. Walimu wa historia wa sekondari na wanafunzi wao wanaweza kufanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu, na wataalamu wakaja kuthibitisha baadaye.

La tatu linahusu fedha. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni za migodi zinatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na vituo vya afya katika ukanda huu. Sehemu ndogo ikitengwa kwa ajili ya kurekodi historia ya ardhi ambayo dhahabu hiyo inatoka, hakuna darasa litakalokosa bati.

La nne, na ndilo somo kuu la Beit al-Ajaib, ni kutenganisha kofia. Anayemiliki jengo asiwe ndiye anayejikagua. Kila jengo la kihistoria linalomilikiwa na Serikali linapaswa kukaguliwa na wahandisi walio huru, kwa vipindi vinavyojulikana, na ripoti zao zisomwe hadharani. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye hukagua pia ufanisi wa taasisi za umma, anaweza kuuliza swali rahisi: ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, ulisema nini, na nani alitekeleza?

La tano ni kuacha utamaduni wa kungoja ukarabati mkubwa. Bomba la paa linalozibuliwa kila mwaka huokoa ukuta ambao miaka 20 baadaye ungehitaji mamilioni ya dola. Waswahili walikwisha kusema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Beit al-Ajaib imeongeza fundisho chungu katika methali hiyo, kwamba ufa usipozibwa, anayeujenga ukuta naye anaweza asirudi nyumbani.

Wale wawili waliokufa siku ya Krismasi ya mwaka 2020 hawakuwa watalii wala viongozi. Walikuwa watu waliokwenda kazini siku ya mapumziko ili kuokoa jengo ambalo lilipaswa kuokolewa miaka mingi kabla yao. Heshima wanayostahili haiwezi kuwa jengo jipya peke yake, hata likirudishiwa mnara wake na saa yake.

Heshima hiyo itakuwa kamili siku ambayo ofisa wa Serikali, iwe Forodhani au Nkome, ataulizwa ni kitu gani cha kale kilicho chini ya uangalizi wake na kina hali gani, naye akafungua daftari na kujibu.